Nasaba ya mwanamke wa Pwani: “binti” mmoja, “bin” wengi

Nasaba ni mlolongo wa uzao: fulani kazaliwa na nani, naye na nani, hadi kumbukumbu ikome. Si sawa na ukoo. Ukoo ni watu wote wa asili moja, walio hai na waliokwisha kufa. Nasaba ni uzi mmoja ndani yake. Ikichorwa kama mti, wengine huiita shajara.

Tuchukue jina la kubuni: Mwanaisha binti Ali bin Omari bin Ali bin Athmani. “Binti” limetokea mara moja, kisha ni wanaume watupu. Mamake hayumo, wala bibi yake. Nafuu ni kwamba, kwa desturi, mwanamke wa Kiislamu wa Pwani haachi jina la babake akiolewa. Mshairi wa Pate aliyefariki yapata 1860 tunamjua kwa jina la Mwana Kupona binti Msham, ingawa mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu. Kinachovuruga hasa ni kurithisha majina. Mjukuu hupewa jina la babu, na hapo juu Ali wako wawili tayari. Karatasi kuukuu ikisema “bin Ali” basi, ni yupi?

Upande wa kuumeni, basi, una uzi wa kushika. Kuukeni, yaani kwa mama, ndiko kazi iliko, na ndiko asili kubwa ya watu wa Pwani iliko pia. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2023, wa watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ulionyesha kuwa damu ya Kiajemi iliingia hasa kupitia wanaume. Kuukeni, karibu wote walikuwa Waafrika. Anayesema “sisi asili yetu Shirazi”, yaani mji wa Uajemi, huenda hakosei. Amesoma uzi wa “bin” tu.

Vinasaba lakini havitaji jina la mtu. Majina ya kina mama hukaa kwenye hati za ndoa na mirathi za kadhi, kwenye wakfu, na kwenye nyumba. Lamu, familia zenye uwezo zilimpa binti nyumba au ghorofa anapoolewa, mume akahamia kwake. Ndiyo maana mimi simuulizi bibi, “Asili yenu wapi?” Atanijibu Arabuni, tumalize. Namuuliza nyumba hii, kabla yake, ilikuwa ya nani. Hapo huanza kutaja wanawake, mmoja baada ya mwingine.