Je, wajua kwa nini magari Ujerumani huachana katikati kabla king'ora hakijalia?

Foleni ikianza kujikusanya kwenye Autobahn, zile barabara kuu za Ujerumani, magari huanza kuachana bila king'ora kusikika wala trafiki kupunga mkono. Ya njia ya kushoto kabisa hubana ukingo wa kushoto. Mengine yote, hata njia zikiwa nne, husogea kulia. Uwazi unaobaki ni wa zimamoto na ambulensi. Wenyewe huuita Rettungsgasse, yaani kichochoro cha uokoaji.

Ukitaka kuikumbuka kanuni hiyo, weka mkono wa kulia kifudifudi mezani, utanue kidole gumba. Gumba ndilo njia ya kushoto, vidole vingine ndizo njia zilizobaki, na ambulensi inapita kwenye pengo.

Kwa nini wasingoje king'ora? Magari yakishasimama bampa kwa bampa hakuna pa kukatia usukani, na lori lenye tela haliendi ubavu kama kaa. Kwa hiyo sheria inataka uwazi uwepo mara tu mwendo unaposhuka kuwa wa mtu anayetembea. Ile njia ya dharura ya pembeni nayo haitegemewi: mahali pengine haipo, kwingine limekwama gari bovu.

Usidhani basi kila Mjerumani ni mtiifu. Tarehe 3 Julai 2017, karibu na Münchberg, basi la abiria liligonga tela la lori mwishoni mwa foleni likawaka moto. Watu 18 walikufa. Moto ulikuwa mkali na wa haraka mno, lakini kilichowakera wengi ni kwamba waokoaji walicheleweshwa na madereva waliogoma kupisha. Wakati huo faini ilikuwa yuro 20, bei ya chakula cha mchana. Oktoba mwaka huohuo ikapanda hadi 200, na siku hizi leseni nayo huzuiwa mwezi mzima. Ule ujanja wetu wa kujibandika nyuma ya ambulensi ili uiruke foleni? Huko ni yuro 240 kwenda juu.

Wapo pia watazamaji. Tangu 2017, anayewazuia wanaotoa msaada kwenye ajali anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, hata kama hakumgusa mtu.

Mwaka 2019, kwenye barabara ya A6 karibu na Nuremberg, polisi mmoja alimsimamisha dereva wa lori aliyekuwa akipita huku akirekodi ajali kwa simu. Akamwambia ashuke, aje amwone marehemu kwa macho yake. Dereva akakataa. Akalipa yuro 128 na senti 50, tena kwa kosa la kushika simu akiwa kwenye usukani tu, kwa kuwa sheria inayokataza kuwapiga picha wahanga wa ajali ilikuwa bado inawalinda walio hai peke yao. Wafu waliingizwa kwenye sheria hiyo tarehe 1 Januari 2021.