Akaunti ya msimamizi: kwa nini usiitumie kwa kazi za kila siku

Ukiwasha kompyuta mpya ya Windows na kujibu maswali yake hadi mwisho, akaunti ya kwanza unayoiunda inakuwa ya msimamizi. Huulizwi kama unataka hivyo. Ndiyo maana steshenari ya Mtwara mjini inaweza kukaa miaka na akaunti moja tu: anayechapa barua, anayetoa kopi za vyeti na fundi wa kupiga Windows (kuisakinisha upya), wote wanaingilia hapohapo.

Msimamizi ana ruhusa ya kubadili mambo yanayowagusa watumiaji wote: kusakinisha programu na draiva (programu zinazoendesha vifaa kama printa), kuzima kinga ya virusi, kuandika ndani ya C:\Windows na C:\Program Files, kufungua folda za wengine, hata kuwabadilishia maneno ya siri. Mtumiaji wa kawaida anatawala folda yake iliyo chini ya C:\Users, na mipangilio yake mwenyewe.

Kinachosahaulika ni kwamba programu huazima ruhusa za aliyeifungua. Msimu wa korosho, mtu analeta flashi yenye karatasi za AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) za kuchapishwa. Ndani yake folda halisi zimefichwa, na mahali pake kuna vijifaili vyenye mshale mdogo pembeni. Ukibofya kimoja, kirusi kinaanza kazi kwa jina lako. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, kinajibanza kwenye folda yako na kuamka kila unapoingia. Ukiingia kwa akaunti nyingine yenye usimamizi unakikuta kimelala, unakifuta. Ukiwa msimamizi, nacho kikaomba ruhusa ukabofya “Yes”, kinaweza kujiandikisha kama huduma ya mfumo (programu inayojiwasha pamoja na Windows) na kuzima kinga. Hapo mara nyingi ni kupiga Windows upya.

Ni kweli, tangu Windows Vista hata msimamizi hufanya kazi kwa ruhusa zilizopunguzwa mpaka skrini ififie na aulizwe. Lakini yeye anaulizwa ndiyo au hapana tu, na mkono uliozoea kubofya ndiyo hausomi. Mtumiaji wa kawaida anatakiwa aandike neno la siri la msimamizi. Asipolijua, kazi imeishia hapo. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, msimamizi mkuu anaitwa root. Ubuntu, aina moja ya Linux, humfungia kabisa mlango wa neno la siri, na mwenye haki huomba ruhusa kwa amri ya sudo; ruhusa hiyo kwa kawaida hukumbukwa dakika 15.

Kubadili si kazi kubwa, ila usianze kwa kujishusha cheo. Nenda Settings, Accounts, kisha Other users (Windows 10 huandika Family & other users). Ongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft, mwite Fundi, mpe neno la siri na ujibu maswali matatu ya usalama. Bofya jina lake, Change account type, chagua Administrator. Sasa toka, ingia kama Fundi, hakikisha anaweza kusakinisha kitu. Ndipo uirudishe akaunti ya zamani iwe Standard User. Faili zake hazipotei. Neno la siri la Fundi liandikwe kwenye karatasi ikae kwa mwenye duka, si kwenye kioo cha kompyuta.

Lawama zitakuja, hasa kutoka kwa programu za zamani za mauzo zinazoandika data kwenye folda yao ndani ya Program Files. Usimpe mhudumu usimamizi kwa ajili hiyo. Ukiwa Fundi, bofya kulia folda hiyo moja, Properties, Security, Edit, chagua Users, weka tiki kwenye Modify.

Akaunti ya kawaida haizuii kila kitu. Kirusi kinachofunga nyaraka na kudai pesa hakihitaji usimamizi, kwa sababu nyaraka hizo ni zako na unaruhusiwa kuzibadili. Huyo dawa yake ni nakala iliyo kwenye diski uliyoichomoa.

Na ile flashi ya mteja? Usimfomatie. Faili zake mara nyingi bado zimo, zimefichwa tu. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), kama flashi imesoma E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hii haihitaji ruhusa ya msimamizi.