Manduca sexta: nondo mchavushaji, kiwavi mlaji

Manduca sexta ni nondo mkubwa wa bara la Amerika, anayepatikana kuanzia kaskazini mwa Marekani hadi Argentina. Akikunjua mabawa hufika karibu sentimita 10. Wakulima wa Marekani wanamjua zaidi kwa kiwavi wake, mharibifu wa tumbaku na nyanya: mnene, rangi ya majani, mistari saba myeupe ya mshazari kila ubavu, na pembe nyekundu mkiani. Pembe hiyo inatisha bure, haichomi wala haina sumu.

Nondo jike hutaga yai mojamoja juu ya majani. Kiwavi anapoanguliwa ana uzito wa miligramu 1 hivi. Kabla ya wiki tatu kwisha hufikia gramu 10, yaani mara 10,000. Ulaji mwingi ni wa siku za mwisho, ndiyo maana mkulima hushtukia mnyanya umebaki vikonyo vitupu.

Jani la tumbaku lina nikotini, sumu inayoua wadudu wengi. Kiwavi huyu huitoa upesi kwa kinyesi, na kiasi kidogo hukipumua nje kupitia vitundu vya ubavuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba pumzi hiyo huwafukuza buibui wanaowinda usiku. Haimzuii nyigu mdogo aitwaye Cotesia congregata, anayetaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi. Ukimkuta kiwavi amebeba vifuko vyeupe mgongoni kama punje za mchele, usimuue: humo watatoka nyigu wa kulinda shamba lako.

Linalonivutia kuliko yote ni tumbaku ya mwituni ya Utah, Nicotiana attenuata. Maua yake hufunguka jioni na kunukia ili nondo aje kunywa mbochi na kubeba chavua. Lakini mgeni huyohuyo huacha mayai. Viwavi wakianza kutafuna, mate yao yakigusa kidonda cha jani, mmea hutambua ni nani anayeula. Hutoa harufu inayowaita wadudu wanaokula viwavi, kisha baada ya siku chache huanza kutoa maua yanayofunguka asubuhi, yasiyonukia sana. Hayo huchavushwa na ndege wadogo wanaofyonza mbochi huku wakielea hewani, ambao hawana mayai ya kuacha kwenye majani.