Pikapu ya kuvuta tela Nyanda za Juu Kusini: dhana potofu na ukweli

Mtu anayetafuta pikapu ya kuvuta tela la mbao kutoka Mafinga au la viazi kutoka Njombe huanza kwa kuuliza kama injini itapandisha mlima. Itapandisha. Pikapu ya dizeli yenye injini nzima haishindwi na tani mbili za tela, hata ikibidi kupanda kwa gia ya pili. Ukubwa wa gari unaamuliwa na mambo mengine: jumla ya uzito wa gari na tela, uzito unaolalia nyuma ya gari, na uwezo wa kusimama kwenye mteremko. Dhana zifuatazo zinasikika gereji na kwenye yadi za magari, na kila moja ina gharama yake.

Dhana: "Imeandikwa inavuta kilo 3,500, kwa hiyo najaza gari na tela."

Hii inawapoteza wengi kwa sababu namba yenyewe ni ya kweli. Toyota Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max za miaka ya karibuni, zile za injini kubwa, hutangazwa kwa kilo 3,500. Lakini hicho ni kikomo cha tela lenye breki zake, likivutwa na gari lisilobeba kitu cha maana. Tela lisilo na breki kikomo chake kwa watengenezaji wengi ni kilo 750 tu, chuma na mzigo pamoja.

Pembeni ya namba hiyo zipo nyingine mbili: uzito wa juu wa gari likiwa limepakiwa, na uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Zitafute kwenye kibati cha mlangoni na kwenye kitabu cha gari. Tuseme una dabo kebini yenye uzito mtupu wa kilo 2,100, inayoruhusiwa kufika 3,050 ikipakiwa, na 5,850 pamoja na tela. Ukiijaza hadi 3,050, tela linabakiwa na 2,800. Ukitaka kuvuta 3,500 kamili, gari lisizidi 2,350, yaani kilo 250 za dereva, abiria wawili, dizeli na chuma cha kuvutia. Bodi inabaki tupu. Anayepakia mifuko kumi ya mbolea nyuma ya gari ameshaongeza kilo 500, na hesabu imevunjika kabla hajatoka dukani.

Kwa gari lililotumika Japani, usichukue namba ya gari la jirani kwa sababu linafanana. Injini, gia boksi na mwaka vikitofautiana, kikomo nacho hutofautiana. Tafuta kwa namba ya modeli iliyo kwenye kibati.

Dhana: "Mzigo naukadiria kwa macho."

Macho hupima nafasi, hayapimi uzito. Ubao wa paini wa 2 kwa 4 wenye futi 12, ukiwa umetoka kupasuliwa na bado una maji, unaweza kufika kilo 16. Ukikauka vizuri unashuka hadi kilo 9 au 10. Mbao 100 zinazochukua nafasi ile ile zinaweza kuwa kilo 1,600 au kilo 950. Hiyo peke yake ni tofauti kati ya tela unalolimudu na tela linalokuzidi. Gunia la mahindi ni kilo 100, lakini lumbesa ya viazi huvuka hapo bila aibu, tena ni ufungashaji uliokatazwa. Ng'ombe wa maziwa chotara ni kilo 400 hadi 500 kila mmoja. Tenki la maji la lita 1,000 ni tani moja, na likiwa nusu ni hatari zaidi kwenye kona kwa sababu maji yanacheza.

Usisahau tela lenyewe. La kuchomelewa kwa chaneli na bamba nene, lenye ekseli ya pikapu kuukuu, hufika kilo 500 hadi 700 kabla ya kuweka kitu. Lipime mara moja kwenye mizani ya magari, ya kiwanda cha mbao au ya wanunuzi wa chuma chakavu, kisha andika uzito huo kwa rangi ubavuni.

Dhana: "Injini yenye sisi (cc) nyingi ndiyo yenye nguvu ya kuvuta."

Injini ya Land Cruiser ya lita 4.2 isiyo na taba (turbo, kinachosukumia injini hewa ya ziada) inatoa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa karibu Nm 285. Hilux ya lita 2.8 yenye taba, ya gia za mkono, inatoa Nm 420. Ubora wa Land Cruiser kwenye tela uko kwingine: chesisi nene, ekseli nzito na springi ngumu.

Huku kwetu kuna jambo ambalo watu wa Dar es Salaam hawaligusi. Injini isiyo na taba hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, kwa hiyo asilimia 17 imeshaondoka. Kitulo, mita 2,600, imeondoka robo. Taba hurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini inafanya kazi kwa joto zaidi, na mpira wa hewa uliochanika kidogo utakurudisha kwenye moshi mweusi na gia ya kwanza.

Maji nayo huchemka mapema: kwenye mita 1,700 ni karibu nyuzi 94 badala ya 100. Kinachoyazuia ni kifuniko cha rejeta, kinachoshikilia mgandamizo na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 na zaidi. Kifuniko kilicholegea hakionyeshi dalili ukiwa mtupu. Kinakuumbua katikati ya mlima Kitonga ukiwa na tela.

Dhana: "Ikiweza kupanda, kushuka si kazi."

Hapa ndipo watu wanapokufa. Kwenye mteremko wa asilimia 10, gari na tela vyenye jumla ya kilo 5,000 vinasukumwa kwenda chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 500, muda wote. Ukishuka mita 400 za kimo kwa breki peke yake, joto linalozalishwa, ukiacha kinachochukuliwa na upepo na msuguano wa tairi, linatosha kuchemsha karibu lita 60 za maji ya baridi. Joto hilo lote linaingia kwenye diski mbili za mbele na madramu mawili ya nyuma.

Breki zikizidiwa, pedali hubaki ngumu lakini gari halipungui mwendo, kwa sababu padi zimepita joto lake. Au pedali inazama hadi chini, kwa sababu mafuta ya breki yamechemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yanafyonza unyevu, na yakishaunyonya wa kutosha huchemka kwenye 140. DOT 4 ni 230 na 155. Anayevuta tela Mbalizi, Mlima Nyoka au barabara ya Tukuyu abadilishe mafuta hayo kila mwaka au miwili, hata kama chupa inaonekana imejaa.

Namna ya kushuka: punguza mwendo kabla ya ukingo, ingiza gia ambayo ungepandia mlima huo huo ukiwa na mzigo, acha injini ishike. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti hadi upungue kilomita 10 kwa saa, kisha achia kabisa zipoe. Kuburuza mguu juu ya pedali mlima mzima ndiko kunakochoma. Automatiki ifungie gia ya chini kwa mkono. Ukiiacha kwenye D itapandisha gia yenyewe, nawe unabaki na breki tu.

Na tela lazima liwe na breki zake. Matela mengi ya kuchomelea yana madramu ya ile ekseli kuukuu, ila hayajaunganishwa na kitu. Mwambie fundi aweke mfumo wa breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma ulimi wake (chuma cha mbele kinachoungwa kwenye gari) nyuma, na msukumo huo unavuta nyaya au unabana mafuta hadi kwenye madramu. Ongeza minyororo miwili iliyopishana chini ya ulimi, ili ukichomoka udakwe usichimbe lami.

Dhana: "Rundika mzigo nyuma ya tela ili gari lipumzike."

Tela lenye pua nyepesi huanza kutikisa mkia kadiri mwendo unavyopanda, hasa kwenye mteremko, na mtikiso ukishakua dereva haurekebishi kwa usukani. Karibu asilimia 10 ya uzito wa tela lililopakiwa ilalie kwenye gari. Kwa tela la kilo 2,000 ni kilo 200. Kupima ni rahisi: tumia mizani ya jukwaa inayopimia magunia sokoni, egesha tela mahali tambarare, weka vizuizi chini ya magurudumu, kisha shusha ulimi juu ya kigogo kilichosimama kwenye mizani, kwa kimo kile kile cha kuvutia. Ondoa uzito wa kigogo. Ikisoma pungufu, sogeza mzigo mbele.

Ikizidi sana ni tatizo pia. Kilo 250 zikining'inia mita 1.25 nyuma ya ekseli ya Hilux, yenye mita 3.085 kati ya ekseli, zinaiondolea mbele kilo 100 na kuiongezea nyuma 350. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika miti, na breki za mbele, ambazo ndizo zinazosimamisha gari, zinakosa kushika.

Dhana: "Nikiongeza springi, gari limekuwa la tani mbili."

Springi zinainua mkia tu. Chesisi, ekseli, beringi na breki ni zile zile. Dabo kebini ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya bodi yake iko nyuma ya ekseli. Chesisi hupinda au kupasuka karibu na pengo la kebini na bodi. Kabla ya kununua iliyotumika, lala chini uangalie hapo kama kuna bamba la kuchomelea. Likiwepo, gari hilo lisivute tela tena.

Dhana: "Fo-wili inavuta zaidi, na tairi kubwa zinasaidia."

Fo-wili inasaidia tairi kushika tope la Makete au Ludewa wakati wa masika. Haiongezi kikomo cha kuvuta, na uzito wake unakula sehemu ya mzigo wako. Tairi zilizokua kwa asilimia 10 hupunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu kiwango hicho hicho. Cha kuangalia ni namba ya mzigo ubavuni: 112 hubeba kilo 1,120, 100 hubeba kilo 800 tu.

Dhana: "Kubwa kuliko zote ndiyo salama."

Kwa tela la hadi kilo 700, singo kebini ya kawaida inatosha, na Land Cruiser ni kuchoma dizeli bure. Kuanzia 700 hadi 1,800, pikapu ya tani moja yenye taba, na tela lenye breki. Kati ya 1,800 na 2,500, chukua yenye kikomo cha 3,500 ili ubaki na akiba ya mlimani, na bodi ibebe vitu vyepesi. Hesabu ikigonga 2,800 kila safari, achana na tela, nunua Canter: breki, ekseli na chesisi yake vilitengenezwa kwa uzito huo tangu mwanzo.