Idadi haijashuka, basi wanyama wako salama? Dhana potofu kuhusu modeli za hesabu

"Kama idadi ni ileile, wanyama hawana shida."

Hii ndiyo inayosikika zaidi, na ndiyo yenye madhara zaidi. Idadi mara nyingi huwa ya mwisho kushuka. Kabla ya hapo, wanyama wanaobanwa na njaa, ukame au uchafuzi huanza kuchelewa kurudia hali yao ya kawaida kila wanapopatwa na pigo: zamani mvua za msimu mmoja zilitosha watoto kuzaliwa kwa wingi tena, sasa zinahitajika za misimu mitatu. Hesabu za wanyama za kila mwaka nazo huanza kuyumba kuliko kawaida. Modeli za hesabu, yaani kanuni za kihisabati zinazosoma takwimu za wanyama ili kutoa onyo mapema, hupima huko kuchelewa na kuyumba. Mwaka 2010, watafiti Drake na Griffen wa Marekani walichapisha jaribio la viroboto-maji, viumbe wadogo sana wa majini, waliopunguziwa chakula kidogo kidogo. Dalili zilionekana hadi siku 110, yaani kama vizazi 8, kabla ya kufika kikomo cha kuangamia.

"Basi tuitumie kwa gorila wa Bwindi."

Ingependeza. Lakini gorila jike huzaa takriban kila miaka 4. Sensa ya 2018 ilipata gorila 459 katika msitu wa Bwindi, Uganda, na Sarambwe, jirani yake upande wa Kongo. Iliyotangulia ilikuwa ya 2011. Kwa nukta chache hivyo, utajuaje kuyumba?

"Hayo ni mambo ya kompyuta, mvuvi hayamhusu."

Modeli hulishwa takwimu kutoka mwaloni, samaki wanaposhushwa. Anayemlaza sangara kwenye ubao wa kupimia, akasoma urefu, kisha akampasua kuona kama mayai yamekomaa, ndiye atakayegundua kwamba samaki wameanza kuzaa wakiwa wadogo kuliko zamani, dalili nyingine ya kubanwa. Tatizo ni kwamba sheria ya Uganda inakataza kuvua sangara wa chini ya sentimita 50, kwa hiyo wadogo hufichwa na hawafiki ubaoni kabisa. Modeli nayo inadanganyika. Na hata takwimu zikiwa safi, samaki kukomaa wakiwa wadogo kunaweza kuletwa na nyavu zenyewe, si maji machafu. Modeli husema kuna kitu kinabana. Ni kitu gani, ni kazi ya mtu kwenda kutafuta.

"Ingewaokoa viboko wa hifadhi ya Queen Elizabeth, Uganda."

Sidhani. Kati ya 2004 na 2005 ugonjwa wa kimeta uliua viboko wapatao 300 hifadhini humo. Vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi, kisha ugonjwa hulipuka ghafla, bila ule mteremko wa polepole ambao modeli hizi huusoma. Kwa pigo la namna hiyo, mlinzi anayeripoti mzoga wa kwanza kwenye Mfereji wa Kazinga, unaopita hifadhini humo, siku hiyohiyo anasaidia kuliko grafu.