Video ya aksheni kamera ina ukungu? Usiilaumu lenzi, angalia kwanza ni ukungu wa aina gani

Mimi natengeneza kamera, na hizi ndogo za aksheni, zile za kufunga kwenye helmeti au kifuani, watu wananiletea na lalamiko lile lile, video haina ung'avu, kwenye tangazo ilikuwa safi mbona mimi napata maziwa maziwa. Wengi wanafika wakiwa wameshaamua kwamba lenzi imekufa. Mara nyingi lenzi ni nzima kabisa, na inaniuma sana kuona mtu anatupa kamera nzuri ananunua nyingine alafu nayo inampa ukungu ule ule, manake tatizo lilikuwa kwenye setingi.

Swali langu la kwanza huwa moja tu: hiyo video unaiangalia wapi? Kama unaiangalia kwenye simu kupitia waifai, unachokiona sio video yako, ni kipicha kidogo ambacho kamera inakituma ili kisigande. GoPro kwa mfano inaweka kwenye kadi zaidi ya faili moja kwa kila video, kuna MP4 ambalo ndo lenyewe, na kuna LRV ambalo ni dogo la kuangalizia tu, na nimeshaona mtu amekopi LRV akalibadilisha jina akaliediti wiki nzima, kazi yote ikaharibika. WhatsApp nayo inaibana video mpaka inapoteza kila kitu, itume kama dokumenti. YouTube ukishapandisha inatoa kwanza ubora wa chini, ule wa juu unakuja baadaye, kwahiyo usihukumu dakika ile ile. Toa kadi, iweke kwenye kompyuta, fungua faili lenyewe. Kama kompyuta ni ya zamani na video ni ya H.265, yaani imebanwa kwa njia inayohitaji nguvu nyingi kuifungua, inaweza kukwamakwama na kutoa mabaka, hapo ni kompyuta inayoelemewa, faili halina kosa.

Ikiwa bado ina ukungu, fanya jaribio hili kabla hujagusa chochote. Subiri mchana wa jua, weka kamera juu ya kitu kisichotikisika, ielekeze kwenye ukuta wenye maandishi umbali wa mita mbili hivi, piga picha ya kawaida alafu rekodi video ya sekunde kumi. Picha na video zote zikiwa na ukungu, tatizo liko mbele, yaani kioo au lenzi. Picha ikiwa safi na video ndo mbaya, ni setingi. Zote zikiwa safi basi kamera yako ni nzima, shida inatokea ukianza kutembea au giza likiingia.

Tuanze na kioo. Usicheke, angalia kama ile nailoni nyembamba ya kiwandani bado imebandikwa, ni kitu ninachokibandua kila mara. Alafu mafuta ya vidole na losheni ya jua, yakikaa kwenye lenzi ndogo hivi yanafanya taa ziwe na miale na picha nzima inapauka, futa na kitambaa laini cha miwani, sio na shati. Ukungu ukiwa katikati tu na unaongezeka kadiri unavyorekodi huku kamera iko ndani ya kava la maji, huo ni mvuke. Kamera ikirekodi inapata joto, ile hewa yenye unyevu uliyoifungia mle ndani inagusana na kioo kilichopoozwa na maji, inageuka matone. Dawa ni kufunga kava ukiwa sehemu kavu yenye ubaridi na kuweka vile vipande vya kunyonya unyevu. Matone ya nje nayo yana tiba yake, wanaoteleza mawimbini wanalamba kioo kabla ya kuingia majini, mate yanafanya maji yatandae kama utando mwembamba badala ya kusimama kama shanga. Inafanya kazi kweli.

Halafu kuna umbali. Kamera nyingi za aina hii hazina fokasi ya kuzunguka, imefungwa kiwandani ili kuanzia kama sentimita 30 mpaka mbali kabisa vyote vionekane. Ukiisogeza karibu na ua au saa ya mkononi lazima iwe na ukungu, hakuna setingi ya kukuokoa hapo.

Sasa nije kwenye kile kinachowasumbua wengi, video za jioni na ndani ya nyumba. Sensa ya kamera hizi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo mno, mwanga ukipungua kamera ikiwa kwenye oto inaacha shata, yaani mlango wa mwanga, wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga, inaweza kushuka mpaka 1/30 ya sekunde. Fikiria lenzi inayoona kama nyuzi 120 kwenye picha yenye upana wa pikseli 3840 (pikseli ni zile nukta zinazounda picha), yaani kila digrii moja ina pikseli kama 32. Ukigeuza kichwa kwa mwendo wa kawaida tu, digrii 60 kwa sekunde, ndani ya hiyo 1/30 kichwa kimeshahama digrii mbili, kila nukta inavutwa kama mkia wa pikseli 64! Kwenye 1/240 mkia ule ule ni pikseli 8. Ndo maana mchana kila kitu kiko poa na jioni kamera ile ile inaonekana mbovu.

Na hapa kuna mtego ambao watu hawauoni, ile setingi ya kutuliza mtikisiko. Inachofanya ni kuihamisha kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, ili mtikisiko usionekane, lakini mkia ulioshaingia ndani ya fremu haiwezi kuufuta, so unapata picha iliyotulia vizuri huku ndani yake vitu vinafifia na kurudi, vinafifia na kurudi, kama vinapumua. Ukiona hivyo usihangaike na lenzi. Zima kutuliza au ipunguze, funga shata kwenye 1/120 au zaidi, ruhusu ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande kidogo. Utapata chengachenga, ndio, lakini mimi chengachenga nazivumilia kuliko uji. Filta za ND, vile vioo vyeusi vya kupunguza mwanga, zina kosa hilo hilo kwa njia nyingine, zinalazimisha shata iwe polepole hata juani, ukichanganya na kutuliza unajitafutia matatizo.

Kuna ukungu mwingine ambao sio ukungu, ni mabaka. Ukipita kwenye majani mengi, maji au changarawe, kila kitu kinageuka viboksi viboksi, alafu ukisimama kinarudi safi. Hiyo ni bitireti ndogo, yaani kiasi cha data ambacho kamera inaandika kila sekunde. Nenda kwenye setingi uiweke juu kabisa, kamera nzuri zinafika megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ni megabaiti 12.5, kadi yenye alama ya V30 inabeba bila shida kwa sababu inahakikisha megabaiti 30 kwa sekunde. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wanashauriwa wanunue kadi ya kasi ili picha iwe safi: kadi ya polepole haileti ukungu, inaleta video kukatika au kamera kusimama yenyewe. Na kama kamera ya bei ya chini imeandikwa 4K, jaribu kurekodi ukuta ule ule kwa 4K na kwa 1080 ulinganishe maandishi. Yakilingana, sensa haina pikseli za kutosha, kamera inaitanua picha ndogo tu, basi rekodi kwa ile ndogo uokoe nafasi.

Inabaki ile kesi ambapo lenzi kweli ina shida. Dalili yake ni upande mmoja kuwa safi na mwingine kuwa na ukungu, au vitu vya karibu kuwa safi kuliko vya mbali, hasa baada ya kamera kuanguka. Kwenye kamera nyingi za bei ndogo lenzi imezungushiwa kama kifuniko cha chupa na kushikwa na tone la gundi, pigo likivunja gundi inalegea. Ukiwa na mkono mtulivu weka alama ya kalamu kwanza ujue ilikuwa wapi, unganisha kwenye skrini kubwa, elekeza kwenye kitu cha mbali, izungushe kidogo kidogo sana, robo ya mzunguko tayari ni nyingi, mpaka maandishi yakae, ndo uweke tone jipya la gundi. Lakini kama ni upande mmoja tu lenzi imelala, kuizungusha hakusaidii, hiyo ibadilishwe.