Bakuli jekundu la Kirumi halikuchongwa

Ukiliona kwenye kabati la makumbusho, bakuli jekundu la Kirumi lenye sungura wanaokimbia na majani ya mzabibu ubavuni, utaapa kwamba fundi alishinda kutwa na kisu akilichonga. Hakuchonga. Kwanza alifinyanga kalibu, bakuli nene la udongo, akaligandamiza kwa ndani na mihuri midogo: sungura hapa, jani pale, na karibu na ukingo safu ya vinakshi mfano wa mayai. Kalibu ikachomwa, ikawekwa juu ya gurudumu, udongo laini ukasindiliwa ndani yake, mdomo ukavutwa juu kwa vidole. Udongo ukikauka husinyaa, basi bakuli likaachia lenyewe, nakshi zimetokeza nje. Kalibu ileile ikatoa jingine, na sungura ni yuleyule.

“Wekundu ule ni rangi ya kupaka,” utasema. Nalo si kweli. Udongo ulikorogwa na maji, ukaachwa utuame, yakachukuliwa maji mazito yenye chembe laini kabisa, bakuli likachovywa humo. Hewa ikipita vizuri tanurini, chuma kilichomo kwenye udongo huiva kikawa chekundu. Tanuri ingenyimwa hewa, kingetoka cheusi.

Jina lililopigwa mhuri kwenye chombo nalo hutupotosha: tunadhani ni la aliyekifinyanga. Huko Arezzo, Italia, kwenye karakana ya Marcus Perennius, jina la bwana huyo lilipigwa pamoja na la mtumwa wake, kwa mfano Cerdo. Nadhani tunajua nani alishika udongo.

Vyombo vya matajiri? Tajiri wa kweli alijivunia vyombo vya madini ya fedha. Hivi vyekundu vilitumiwa hata na askari wa ngome za mpakani Uingereza.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba vyote vilitoka Roma. Arezzo ilitamba kweli, lakini katika karne ya 1 BK soko lilihamia Galia, Ufaransa ya leo. Wafinyanzi wa La Graufesenque, karibu na Millau, walikwaruza kwenye sahani hesabu za vyombo vilivyoingia tanurini. Mzigo mmoja ulifikia karibu 30,000. Vilisafirishwa hadi Italia kwenyewe. Huko Pompeii, mji wa Kirumi nchini Italia, lilikutwa sanduku la mabakuli 90 ya La Graufesenque, yamepangwa pamoja na taa za udongo. Mwaka 79 BK mlima wa volkano Vesuvius ulilipuka kabla mwenyewe hajayatoa.